Lushoto na ukoo mzima: maswali yenu ya mwezi huu

Desemba inanukia, na kila aliyeko mjini amekumbuka kwamba ana ukoo. Ujumbe ni mwingi, najibu nilioweza.

Tuko 32 kutoka Dar, Tanga na Arusha. Tunataka kukutana Lushoto siku 4 baada ya Krismasi. Rangi ya fulana tumeshachagua. Tuanzie wapi?

Mmeanzia mwisho. Fulana hazilazi mtu. Anzeni na hela, na hela ni iliyoingia, si iliyoahidiwa. Kila ukoo una watu wa "nitajitahidi". Hao msiwahesabu. Wekeni tarehe ya mwisho ya mchango. Aliyelipa nusu mwekeeni kitanda, asiyelipa mtumieni salamu. Mkilipia vyumba kwa ahadi mtakwenda 19, na deni litabaki kwa mweka hazina, ambaye kwa kawaida yetu ni yule shangazi mpole asiyejua kudai. Ninaye mmoja wa kwangu. Ana kauntabuku ya mwaka 2019, majina 11 yamepigiwa mstari mwekundu, na wote 11 wanamwamkia misibani kana kwamba hawana habari.

Halafu kumbukeni Wasambaa waliotapakaa mijini nao wanarudi kwao wakati huohuo. Gesti hujaa. Ulizeni mapema kwenye hosteli za makanisa, ila nyingine hazitaki pombe, kwa hiyo mjomba aambiwe kabla hajapanda gari.

Basi linafika Lushoto penyewe au linaishia Mombo?

Linafika. Nimeshalijibu hili mara tatu mwaka huu.

Bibi yetu ana miaka 81, anaogopa zile kona. Tumwache Dar?

Mumwache, halafu mnakwenda kukutana na nani? Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 za lami nyembamba, mlima huku, bonde kule. Kona hazijawahi kunitisha kama saa ya kupanda. Mwaka mmoja Koasta yetu ilipaswa kuondoka Dar saa 11 alfajiri. Tukamsubiri mtu (wa "niko njiani", mnamjua), tukaondoka saa 5. Mombo tukaingia giza limeshatanda, na juu ya Soni tukakuta ukungu. Konda alishuka akawa anatembea mbele ya gari na tochi ya simu, dereva anafuata mgongo wake. Breki zilinuka hadi kiti cha nyuma. Tangu siku hiyo sisubiri mtu.

Bibi akae mbele, asishindiliwe chakula Mombo, na mpumzike Soni, anyooshe miguu, anunue matunda yake kwenye ndoo za kina mama. Na gari mlikague nyinyi wenyewe, msitegemee maneno ya mwenye gari.

Likizo ya Juni inafaa?

Kwa mwenye sweta, inafaa. Mji uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Juni mpaka Agosti mtoto wa Temeke aliyekuja na kaptula atalia. Machi hadi Mei msithubutu: ni masika, na barabara ile huangukiwa na udongo na mawe.

Watoto 14 tuwapeleke wapi?

Mtakwenda Irente, hata nikiwakataza. Ni mwendo wa miguu kutoka mjini, na kule chini mnaiona tambarare ya Mazinde yote. Ila ukingo ni mwamba, baada yake ni hewa. Wahesabuni mkifika, wahesabuni mkiondoka, na anayerudi kinyumenyume ili aingie vizuri kwenye picha mvuteni sikio, hata kama ni mkwe.

Mimi ningewapeleka msitu wa Magamba, wakaone mbega na vinyonga. Lipeni ofisi ya wakala wa misitu, mchukue stakabadhi. Kijana anayewadaka stendi na kudai yeye ndiye mwongozaji wa serikali, mwombeni kitambulisho kwanza.

MC wa bei nafuu tutampata wapi huko?

MC wa watu 32? Mpeni mjomba kipaza sauti. Hosteli ya kanisa, atakuwa hajanywa.