Maswali ya Wasomaji: Redio ya wasikilizaji, leseni ya nani?

SWALI: Ndugu Mhariri, WBAI ya New York huendeshwa kwa michango ya wasikilizaji. Iweje Oktoba 2019 vipindi vyake vikaondolewa hewani na kuwekwa vingine kutoka nje ya mji? Nani alikuwa na mamlaka hayo? (Msomaji, Brooklyn)

JIBU: Ndugu msomaji, anza kwenye leseni ya kurusha matangazo. Kituo chenyewe hakimiliki leseni, wala wachangiaji wake hawaimiliki. Mwenye nayo ni Pacifica Foundation, shirika lisilo la faida la California lenye vituo vitano: KPFA wa Berkeley (1949), KPFK wa Los Angeles (1959), WBAI (1960), KPFT wa Houston (1970) na WPFW wa Washington (1977). Oktoba 7, 2019 uongozi wa muda wa makao makuu uliwaachisha kazi wafanyakazi wa WBAI na kufunga ofisi. Studio iko mahali pamoja, mtambo wa kurushia uko pengine. Anayeshika njia ya sauti kati ya hizo mbili ndiye anayeamua mji usikie nini.

Sababu iliyotolewa ni hasara na madeni, na madeni yalikuwepo kweli. Kodi ya mnara wa Empire State Building, ilikokuwa antena ya WBAI, pekee lilileta hukumu ya takriban dola milioni 1.8 mwaka 2017, nayo ilimwangukia Pacifica mzima, maana deni la kituo kimoja ni deni la vyote vitano. Waliokwenda mahakamani walisema bodi ya taifa, inayosimamia Pacifica nzima, haikuidhinisha hatua ile. Novemba 7 vipindi vya New York vikarudi.

SWALI: Wazee wa KPFA husema yote yalianzia 1999. Kulitokea nini? (Msomaji, Oakland)

JIBU: Wengi hukumbuka polisi na maandamano, lakini jambo zito lilipita kimya miezi mitano kabla. Februari 1999 bodi ya taifa ilibadili kanuni, wajumbe waliokuwa wakitoka kwenye bodi za ushauri za vituo wakakosa nafasi, na bodi ikabaki kujichagua yenyewe. Kuanzia hapo msikilizaji hakuwa na mlango wa kupitia. Machi, mkataba wa meneja Nicole Sawaya haukuongezwa, na watangazaji wakakatazwa kulizungumzia hewani.

Kisha barua pepe ya mjumbe mmoja wa bodi, iliyojadili kuuza kituo, ikatumwa kwa makosa kwa shirika la nje, nalo likaitangaza. Jioni ya Julai 13 mtangazaji Dennis Bernstein aliirusha habari hiyo. Alipoambiwa aondoke alikimbilia studio ya habari, na wasikilizaji wakasikia purukushani na sauti yake akipiga kelele katikati ya taarifa ya habari. Mara ikakatwa, zikawekwa kanda za zamani. Zaidi ya watu 50 walikamatwa usiku ule, na wafanyakazi wakafungiwa nje kwa wiki kadhaa. Kesi zilimalizika kwa makubaliano ya Desemba 2001, na kanuni mpya za 2003 zikawapa wachangiaji kura.

SWALI: Nikikasirishwa na bodi, nisitishe mchango? (Msomaji, Houston)

JIBU: Usisitishe. Bodi hiyo haitaumia. Utaumiza kituo na kujifutia kura. Haki ya kura hutokana na mchango wa dola 25, au saa tatu za kujitolea, ndani ya miezi 12. Wengi hukosa karatasi ya kura kwa sababu mchango uliingia kwa jina la mume au mke, au ulifika baada ya tarehe ya kufunga daftari. Tunza risiti, na thibitisha jina lako mapema.

Bodi ya kituo ina wajumbe 24: 18 wa wasikilizaji na 6 wa wafanyakazi. Nayo hupeleka wanne kwenye bodi ya taifa. Kura ni ya kupanga: unawapa wagombea namba 1, 2, 3 na kuendelea, kwa kadiri unavyowapenda. Tuseme viti ni 9 na kura halali ni 2,000. Gawanya 2,000 kwa 10 (idadi ya viti na moja zaidi), kisha ongeza moja: kiti kinahitaji kura 201. Ndiyo maana kundi dogo lenye nidhamu hupata mjumbe wake kila uchaguzi, na ndiyo maana bodi hizi hujaa kambi. Hiyo ni bei yake, nasi tunaona ni afadhali kuliko bodi inayojichagua.

Kosa kubwa ni kuandika 1 tu na kuacha. Mgombea wako akitolewa kwa kura chache, kura yako inakufa badala ya kuhamia kwa mwingine. Kupanga wa pili na wa tatu hakumpunguzii wa kwanza chochote. Na uchaguzi usipofikia akidi, asilimia 10 ya wasikilizaji wenye kura, hauhesabiki.

Ukishampata mjumbe, mpe kazi. Sheria ya California humpa mkurugenzi wa shirika la aina hii haki kamili ya kukagua na kunakili vitabu vyote. Mwambie aanze na mkataba wa mnara.