Sema kabla hujapokea ripoti

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya uuguzi Pemba, zamu isiyobebeka isemeni kabla ya kupokea ripoti ya makabidhiano. Ukishatia saini na funguo za kabati ya dawa ziko mkononi mwako, wagonjwa ni wako. Ukiondoka hapo umewatelekeza, na hilo linaweza kufika hadi kwenye baraza linalokupa leseni.

Mwaka wangu wa pili, wodi ya wazazi, nilimpokea mama wa kifafa cha mimba yumo kwenye magineziamu, dawa ya kuzuia degedege. Mgonjwa huyo hatazamwi kwa mbali. Unahesabu pumzi, zisipungue 16 kwa dakika. Unagonga goti uone kama linaitika. Unapima mkojo, usipungue mililita 30 kwa saa. Kalsiamu glukoneti, dawa ya kuizima magineziamu ikizidi, inakaa pale pale kitandani, si kwenye stoo iliyofungwa. Saa 4 usiku nikapigiwa simu nikashike na chumba cha kujifungulia, mwenzangu hakuja.

Sikusema "sitaki". Neno hilo kwetu ni ufidhuli hata ukiwa na haki. Nilisema: "Sista, nikenda huko, huyu hana wa kumuangalia. Nipatie mtu mmoja tu, nakuja." Kisha nikaandika kwenye kitabu cha ripoti: saa ngapi, nimemwambia nani, kanijibu nini. Mtu alipatikana baada ya dakika 40, na dakika zote hizo nilikuwa mbio baina ya milango miwili.

Wiki ya pili ikaja barua ya kujieleza. Maandishi yale ndiyo yaliyonitoa. Lakini miezi mitatu baadaye nikahamishiwa kituo cha kisiwa kidogo, mjini Chake Chake huendi bila ya mashua. Barua ilisema "mahitaji ya kazi", na barua ya namna hiyo huishindi kirahisi.

Wengine watakutajieni Mkataba wa ILO, Shirika la Kazi Duniani, namba 155 wa 1981. Someni vizuri ibara ya 13: inamlinda mfanyakazi anayejitoa kwenye hatari kubwa, ya karibu, kwa maisha au afya yake mwenyewe. Kutakiwa umhudumie mgonjwa wa kipindupindu bila glovu, hapo una pa kushika. Wodi kukosa watu, hatari ni ya mgonjwa, na ngao yako ni maandishi.

Aliye kwenye kipindi cha majaribio asende kwa mkuu wa wodi peke yake, afuatane na mkubwa wa zamu. Na ukurasa wa ripoti msiupige picha, una majina ya watu. Nakilini kwa mkono maneno yenu wenyewe. Mgonjwa, namba ya kitanda inatosha.