Boti ikikuachia chaki mkononi, usikimbilie kupaka seramiki

Nina boti ya faiba, futi 24, napeleka watu visiwa vya Mbudya na Bongoyo nikitokea Kunduchi, Dar es Salaam. Siku moja dada mmoja kavaa suruali nyeusi kaegemea ubavu wa boti akisubiri wenzake wanunue maji, kuja kugeuka nyuma yote nyeupe utadhani kakalia unga wa ngano. Wenzake wakacheka mpaka wakakaa chini mchangani. Mi sikucheka, nilijua jelkoti, lile tabaka la nje linalong'aa juu ya faiba, imeshaungua. Jua letu hili la karibu na ikweta linaila taratibu, ule uso wake wa juu unakufa na kubaki chaki, na chumvi nayo haikai kimya.

Basi nikasikia habari za seramiki, dawa ya maji unayoipaka juu ikakauka kuwa ngozi ngumu ya kung'aa, nikamwita fundi mmoja anayepaka magari. Kaja asubuhi, kaosha na sabuni, kafuta, kapaka, saa kumi jioni kaondoka na hela yake na boti inawaka kama kioo, nikapiga na picha nikaweka status. Haikufika miezi minne, chaki imerudi, tena safari hii kwa mabaka, huku inang'aa huku imefubaa kama mbuzi wa madoa.

Nilichokuja kuelewa ni kwamba seramiki inashika kile inachokikuta. Ikikuta unga inaushika unga, na unga ukibanduka unaondoka nayo. Na jelkoti sio rangi ya gari, ina vitundu vidogo vidogo na ikishazeeka inakunywa chochote unachopaka, kwa hiyo kazi yenyewe hasa iko kabla hujafungua chupa.

Mara ya pili nikapata fundi wa maboti. Siku tatu nzima boti iko juu nchi kavu na hajagusa seramiki! Msasa wa maji namba 1000, halafu 1500, halafu 2000, kisha kompaundi, ile dawa nzito ya kusugulia, na mashine, kisha polishi, na kila hatua anamwagia maji baridi na kuangalia kwa tochi kama kuna mikwaruzo. Hapo awe na mkono mwepesi maana jelkoti yenyewe ni kama nusu milimita tu, ukiikata kata kwa msasa kila mwaka unafika kwenye faiba. Ndio maana hata mimi naona seramiki ina faida, inakupunguzia kukata.

Mwishoni akafuta na spiriti kuondoa mafuta yote ya polishi, halafu ndio akapaka, kipande kidogo kidogo, kama sahani mbili tatu za chakula. Ukiinama uangalie pembeni unaona inatoa rangi rangi kama dizeli iliyomwagika juu ya maji, hapo ndio unafuta haraka na taulo ya maikrofaiba, ukichelewa inaganda na alama na kuitoa mpaka urudi kwenye mashine. Kwenye unyevu wa pwani inawahi sana kuganda, kwa hiyo fanya kivulini, asubuhi, na mwezi wa sita mpaka wa nane ndio mzuri, masika achana nayo kabisa. Ikishapakwa isiguswe na maji masaa 24, na mi niliiacha wiki nzima kabla ya kuishusha, wateja wakaenda kwa wengine, nikavumilia.

Chini ya maji usipake hiyo, kule ni kazi ya rangi ya kuzuia makombe na majani. Mzee mmoja wa majahazi alipita akaangalia akasema hii si ile ile tu, sisi juu tunapaka sifa, yale mafuta ya papa, chini shahamu na chokaa, nyie mmeongeza bei. Nikakosa la kumjibu.

Gati na kamba vitaikwaruza vilevile, asikudanganye mtu. Kila nikirudi namwagia maji ya bomba, damu ya samaki na kinyesi cha ndege naviosha palepale na sabuni laini, jiki marufuku. Na sakafu ya kukanyagia msipake jamani, kijana wangu alijipakia kidogo kule omo, mbele ya boti, kwa sababu chupa ilibaki, kesho yake kateleza na nanga mkononi, akaingia majini nayo.