Tembo hupigwa sindano ya usingizi kila akitibiwa?

Hapana ndugu, kwa tembo anayefugwa sindano ya usingizi ni hatua ya mwisho kabisa. Akilalia kifua muda mrefu, uzito wake mwenyewe humbana pumzi. Badala yake hufundishwa taratibu, kwa kupewa matunda, mpaka anainua mguu mwenyewe na kuupitisha kwenye tundu la uzio. Hapo kucha hupigwa tupa, wayo hukwanguliwa, na kidonda huonekana mapema. Msidharau miguu; sakafu ngumu imewamaliza wengi. Damu hutolewa mshipa wa nyuma ya sikio. Kipimo cha kifua kikuu ndicho kichekesho: humiminiwa maji ya chumvi mkongani, anauinua juu, kisha anayapuliza yote, makamasi na kila kitu, ndani ya mfuko safi.