Walipotaka kumbandika mwanangu tepu

Niliposikia tu "sampuli ya ngozi" nikasema hapana, hata daktari hajamaliza sentensi. Kichwani nilishaona kisu. Mwanangu ana pumu ya ngozi (wengine wanaita ukurutu, ni ile ile) tangu ana miezi minne, ilianzia mashavuni ikahamia kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, usiku tunalala kwa zamu ili asijikune mpaka damu, halafu mtu anakuja kuniambia anataka ngozi yake kwa ajili ya utafiti. Utafiti gani huo.

Kumbe sio kukata, ni tepu. Viduara vya plastiki vyenye gundi, upana kama milimita 22, wanakibandika kwenye ngozi, wanakikandamiza sekunde chache na kadude kenye springi ili nguvu iwe ile ile kila mara, wanakibandua na kibano, basi. Wanarudia pale pale mara kumi, kumi na tano, pengine ishirini, kila tepu inaondoka na seli kidogo za lile tabaka la juu kabisa ambazo zimeshakufa tayari. Nilikiangalia kimoja kwenye mwanga nikaona kama vumbi jeupe tu, nikasema haya ndo mambo yaliyokuwa yananinyima usingizi?

Njia ya zamani ndo ile ninayoiogopa, sindano ya ganzi halafu wanatoboa kipande cha milimita 3 au 4, wanashona, kovu linabaki. Mzazi gani atakubali hiyo kwa mtoto ambaye hata matibabu yake hayaihitaji? Ndo maana mengi yaliyojulikana kuhusu huu ugonjwa yalitoka kwenye ngozi za watu wazima, wakati wengi unawaanza kabla hawajafika miaka mitano. Kwa tepu wanaweza kupima protini za ngozi, mafuta yake, na zile kemikali za uvimbe. Kuna protini inaitwa filagrini, ndo inasaidia ngozi ishike maji na izibe vizuri, na mwaka 2006 watafiti walionyesha kwamba wenye jeni yake yenye hitilafu wanapata pumu ya ngozi kirahisi zaidi. Nilishangaa pia kuona wanachukua tepu pale penye ugonjwa na pale panapoonekana pazima, nikauliza kwanini, nikaambiwa hata hapo pazima kwa mtoto kama huyu si pazima kabisa.

Sasa nikwambie ukweli, tepu sio shida. Shida ni siku ya kabla. Tuliambiwa asipakwe chochote tangu jana yake, na krimu ya steroidi sehemu ile isipakwe wiki nzima. Mara ya kwanza nikaharibu mwenyewe, asubuhi nimemuogesha, mkono umezoea, nikachota mafuta nikampaka mwili mzima, nakumbuka nikiwa naufunga mkebe. Tukarudishwa nyumbani. Kwahiyo ficha mkebe, sitanii, na mwambie kila mtu hapo nyumbani anayempaka mtoto mafuta. Halafu uliza kabla hujasaini: ngozi ikichachamaa katikati ya hizo siku nifanyeje, naruhusiwa kumpaka au nampigia nani simu? Kama hawana jibu la maana mimi ningeondoka.

Fomu ya ridhaa isome yote hata kama ina kurasa kumi. Angalia kama watapima jeni, sampuli itakaa miaka mingapi, jina la mtoto linaondolewa na kuwekwa namba au la. Na ujue majibu ya mtoto wako mmoja mmoja mara nyingi hupewi, kwahiyo usiende ukidhani utarudi na dawa. Kingine, tepu haifiki chini, kwahiyo daktari akiona kitu hakieleweki akataka kipande ili ajue ni ugonjwa gani, usimgomee eti kwa sababu umesikia kuna tepu, hiyo ni habari nyingine kabisa.

Kwa mtoto mwenyewe, mwambie wabandike kwako kwanza. Mimi nilitoa mkono, akaibandua yeye, akacheka, hofu ikaisha nusu. Alikuwa na miaka sita basi anahesabu kwa sauti, tepu ya nane akasema inatosha, na yule mtafiti akaweka kibano chini hapo hapo, akamuuliza tupumzike au tuache? Akafikiri weee, akasema mbili tu. Zikapigwa mbili, hakuomba ya tatu. Hapo ndo nilimwamini yule dada kuliko makaratasi yote.

Baada ya hapo panachonyota kidogo, panawasha, ukiruhusiwa paka mafuta mazito palepale. Kwa ngozi nyeusi usisubiri kuona wekundu maana hauonekani vizuri, gusa kama pana joto au pamevimba, na panaweza kubaki baka jeusi au jeupe kwa muda.

Wangu tulivyofika nyumbani alichukua selotepu ya kufunika madaftari akaenda kumchukua mdogo wake sampuli. Kumi zote. Bila fomu.