Maswali ya Wasomaji: Makaa kwenye Soksi ya Krismasi

SWALI: Shikamooni wahariri. Mwanangu wa miaka saba ameona kwenye katuni kwamba mtoto mtukutu hupewa makaa siku ya Krismasi badala ya zawadi. Tangu hapo kila akipita jikoni anaukodolea macho mkaa wangu. Desturi hii ni ya wapi, na kwa nini makaa?
*Mama Neema, Area C, Dodoma*

JIBU: Marahaba, Mama Neema. Kwanza mwambie kwamba makaa ya kwenye katuni si mkaa huu wa miti tunaopikia. Ni makaa ya mawe, yanayochimbwa ardhini kama yale ya Ngaka, Mbinga, au ya Kiwira. Katika karne ya 19 nyumba nyingi za Uingereza na Marekani zilipata joto kwa makaa hayo. Yaliwekwa kwenye ndoo kando ya meko ya ukutani, na kwenye meko hayohayo ndipo watoto walipotundika soksi zao. Maelezo yanayotolewa zaidi ni mepesi tu: mleta zawadi akishuka kwa dohani na kukuta soksi ya mkorofi, cha kumtilia kipo miguuni pake.

Adhabu yenyewe ina umri mkubwa kuliko makaa. Chanzo cha mleta zawadi huyu ni Mtakatifu Nikolao, askofu wa Myra, mji ambao leo ni Demre nchini Uturuki. Sikukuu yake ni tarehe 6 Desemba. Uholanzi na Ujerumani mtoto mbaya alitishiwa kifurushi cha fimbo, na Austria yupo Krampus, jitu lenye pembe linalotembea na Nikolao. Italia kazi ni ya bibi kizee aitwaye Befana, ambaye hupita usiku wa kuamkia tarehe 6 Januari, sikukuu ya Epifania, na jina lake limetoka kwenye neno hilohilo. Yeye ndiye mwenye makaa hasa. Hispania usiku huohuo wanaopita ni Mamajusi.

Kwetu adhabu hii ingekosa makali. Ukimwekea mtoto debe la mkaa mlangoni, atakayeshukuru ni mama yake.

SWALI: Naoka keki za oda hapa Chang'ombe, Dodoma. Mteja anataka "makaa matamu" ya Kiitaliano, yaani peremende nyeusi za sukari zinazofanana na makaa, kwa ajili ya sherehe ya watoto. Nimejaribu mara mbili: mara ya kwanza yametoka kama tofi, mara ya pili yamebaki tope. Nakosea wapi?
*Mwokaji, Chang'ombe*

JIBU: Makosa yote mawili yako kwenye shira. Tuanze na vipimo, vinavyotoa vipande kama 25: sukari ya kawaida gramu 500, maji mililita 150, ute wa yai 1, sukari ya unga ya kupambia keki gramu 150, maji ya ndimu nusu kijiko cha chai, na rangi nyeusi ya chakula. Chagua rangi ya jeli au ya unga. Ya maji huhitaji kumiminwa nyingi, nayo inalowesha mchanganyiko na bado unaishia na kijivu cha jivu la jana.

Piga ute, sukari ya unga, ndimu na rangi mpaka uwe mzito kama dawa ya meno. Uwe mweusi kupita unavyotaka, kwa sababu utapauka ukichanganywa. Tandika karatasi ya kuokea kwenye trei ya sentimita 20 kabla hujawasha jiko. Baadaye hutapata nafasi.

Chemsha sukari na maji kwenye sufuria ya lita 3 au zaidi. Koroga mpaka sukari iyeyuke, kisha weka mwiko chini, na pangusa kingo za sufuria kwa brashi yenye maji. Mapishi mengi yaliyoandikwa kwa watu wa pwani husema nyuzi 130. Dodoma iko mita 1,100 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na maji yetu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kwa hiyo epua kwenye 126. Ukingoja 130 umepitiliza, na hapo ndipo tofi inapoanzia. Kama huna kipimajoto, dondoshea tone kwenye kikombe cha maji baridi: liwe gololi ngumu inayobonyea kidogo tu kwa vidole. Likibonyea kama ugali, bado, na ukiepua wakati huo unapata lile tope.

Tofi ina chanzo kingine, nacho huwakamata wapishi wa kaimati. Mmezoea kutia ndimu kwenye shira ili isigande sukari. Hapa tunataka igande. Ndimu iishie kwenye ute.

Epua, mimina ute wote kwa mkupuo, koroga haraka. Maji yaliyomo hugeuka mvuke, ute hunasa mapovu, na sukari ya unga huanzisha kuganda. Mchanganyiko utafura, utashuka, utafura tena. Ukifura mara ya pili, acha kukoroga na umimine papo hapo. Ukiendelea, matundu yanaziba na unapata jiwe. Usisawazishe juu kwa kijiko. Acha saa 2 bila kutikisa, kisha vunja kwa mkono, maana kisu hukata nyuso bapa zisizofanana na makaa.

Oda kubwa usizidishe vipimo, pika mara mbili au tatu. Povu la sufuria iliyojaa hufurika, na shira ya moto huunguza vibaya kuliko maji, kwa hiyo watoto wakae nje ya jiko. Mvua za Desemba zikianza, vipande huvuta unyevu na kunata; vitie kwenye chombo chenye mfuniko unaobana. Na tafadhali usisage mkaa wa jikoni kupata weusi. Hujui mti uliochomwa, na una mchanga na majivu.

SWALI: Je, ni sawa kuwapa makaa matamu watoto wasumbufu tu mbele ya wenzao kwenye sherehe yetu ya Krismasi?
*Mwalimu wa Shule ya Jumapili, Mpwapwa*

JIBU: Hapana, mwalimu. Italia siku hizi hata mtoto mpole hupata kipande, pamoja na zawadi, kama utani. Gawa kwa wote. Na ikiwa katika igizo mtatumia mkaa halisi karibu na magauni meupe, doa likitokea usilisugue kwa maji: kung'uta kwanza, nasa vumbi kwa seloteipu, kisha fua kwa sabuni ukianzia upande wa ndani wa kitambaa.