Tairi za A/T zilizokuja na pikapu mpya: zitumie kwanza, usikimbilie kuzitoa

Mkuu, umeuliza kama tairi za A/T (All-Terrain, za lami na nje ya lami) zilizokuja na dabo kebini yako mpya zitahimili kazi ya Njombe na Ludewa, au uziuze zikiwa bado na kashata zote (yale meno ya mpira yanayogusa barabara) ufunge LT, yaani Light Truck, tairi ngumu za magari ya mizigo. Wadau waliotangulia wamekushauri uzitoe, na mmoja amesema tairi za kiwandani ni za kupigia picha tu. Mimi sikubaliani nao. Nimefanya kazi ya kukusanya parachichi na kusambaza mbolea kwa wakulima huko huko unakokwenda, kwa dabo kebini ya dizeli yenye saizi kama yako, 265/65R17. Seti ya kiwandani niliitumia mpaka ikaisha, na sasa natembelea LT. Kwa hiyo ninachokwambia nimekipitia pande zote mbili.

Kwanza soma ubavu wa tairi yako. Umeandika kwamba ina 112S. Hiyo 112 maana yake tairi moja inabeba kilo 1,120 ikiwa na upepo wake kamili, na S ni mwendo usiozidi kilomita 180 kwa saa. Tairi mbili za nyuma peke yake ni kilo 2,240. Dabo kebini tupu ina uzito wa kama kilo 2,000, na zaidi ya nusu iko mbele kwenye injini. Maana yake ukipakia kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kadi ya gari, tairi haijazidiwa. Wanaosema za kiwandani hazibebi mzigo huwa wamepakia viazi vya lumbesa, yale magunia yaliyojazwa kupita mdomo. Gunia la lumbesa hujui lina kilo ngapi mpaka ulipime, na ukipanga kumi nyuma unaweza kuwa umevuka kiwango cha gari lenyewe, achilia mbali tairi. Hapo kitakachokufa mwanzo ni springi na beringi, na LT haitakuokoa.

Udhaifu wa kweli wa tairi za kiwandani uko ubavuni. Kampuni ya magari inatafuta gari litulie kwenye lami, lisipige kelele, lisile mafuta mengi na lifunge breki vizuri kwenye mvua. Ndiyo maana nyingi huletwa na tairi yenye kashata za A/T lakini mwili wake ni wa gari la abiria: nyepesi, ubavu laini, na kashata ambazo hazina kina kirefu. Hizi herufi A/T hazina daraja moja. Ford Ranger Raptor ilitoka kiwandani na BFGoodrich KO2 za 285/70R17, nazo ni A/T, ila ukizisimamisha pembeni ya zako utaona ni vitu viwili tofauti kabisa. Wala alama ya M+S (tope na theluji) isikudanganye, maana inazungumzia mchoro wa kashata tu. Haikwambii lolote kuhusu ugumu wa ubavu.

Kwenye lami sina malalamiko hata moja. Njombe, Makambako, Mafinga, unashuka mlima wa Kitonga na mvua inanyesha nyuma ya lori la mafuta, tairi zile zilikuwa zinashika vizuri kuliko LT nilizonazo leo. Mpira wake ni laini na una vile vikato vidogo vidogo vinavyosaidia kwenye maji. Ikiwa nusu ya safari zako ni kwenda Dar, hili si jambo dogo.

Sasa tuje kwenye moramu, maana ndiko utakakopata majibu yako. Barabara ikishapita kiangazi bila greda inatoa vijituta vilivyopangana kama bati la nyumba. Gari tupu, tairi ikiwa na upepo mwingi, nyuma inarukaruka na kuhama njia kwenye kona. Watu wengi hapo wanalaumu tairi. Chunguza upepo kwanza. Kijana wa upepo pale sheli mara nyingi hakuulizi, anapiga psi 40 (psi ndicho kipimo cha upepo) kila tairi anakuachia. Fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo kuna stika inayoonyesha upepo wa mbele na nyuma, gari likiwa tupu na likiwa na mzigo. Fuata hiyo. Nunua geji yako mwenyewe, pima asubuhi tairi zikiwa baridi, maana baada ya mwendo wa saa moja namba inapanda yenyewe, na ukipunguza wakati huo unakuwa umeshusha chini ya kiwango.

Mimi nikitoka kwenye lami kuingia moramu ya mawe, gari likiwa tupu, nilikuwa nashusha kama psi 4 hadi 5 chini ya stika na sivuki kilomita 60 kwa saa. Tofauti unaisikia kwenye usukani palepale. Tairi inalalia jiwe badala ya kupigana nalo, na pancha za katikati ya kashata zilipungua sana kwangu. Lakini ukiwa na mzigo usishushe. Tairi ya ubavu laini yenye upepo mdogo chini ya tani moja inatoka tumbo nje, ndipo jiwe linalipata, na ukirudi nayo lami kwa mwendo wa kasi inachemka ndani. Pampu ndogo ya kuchomeka kwenye betri ni muhimu kuliko urembo wote utakaouziwa dukani.

Ubavu wangu ulichanika ndani ya msimu wa pili, huko juu ya Mlangali. Nilikuwa napishana na lori, nikaingiza tairi ya nyuma kushoto pembeni ambako greda ilikuwa imesukuma mawe, jiwe likaichana ubavuni. Mchano wa kidole kimoja tu, upepo wote ukaisha kabla sijasimama. Fundi pancha akajitolea kushona na kuweka tyubu ndani ili nitembelee. Nilikataa, na wewe ukatae. Pancha ya katikati ya kashata inazibika vizuri, hasa kiraka kikibandikwa kwa ndani. Ubavu hauzibwi. Sehemu ile inajikunja kila tairi inapozunguka, kiraka hakidumu, na tyubu inasuguana na ule mshono mpaka ipasuke ukiwa kwenye mwendo. Kwenye miteremko kama ile ya Ludewa huko ni kuua watu. Nilifunga spea nikaenda, na tairi ile haikurudi barabarani.

Je, LT isingechanika? Kwa jiwe lile, pengine ingepona. LT ina ubavu mnene zaidi, na baadhi wanaongeza tabaka la tatu la nyuzi. Hiyo ndiyo sababu niliyohamia, wala sikufuata muonekano. Ila nikwambie na gharama yake, kwa sababu wauzaji hawaisemi.

LT ni nzito, kilo kadhaa zaidi kwa kila tairi. Gari linachelewa kuondoka, na mafuta kwangu yaliongezeka karibu lita moja kwa kila kilomita 100. Ukiwa tupu inakugonga mgongo. Halafu upepo: LT ya 265/65R17 ya daraja la mzigo E ina namba ya mzigo 120, inaweza kubeba kilo 1,400 kwa tairi, lakini uzito huo inaufikia ikijazwa psi 80. Ukiijaza upepo ule ule wa stika ya mlangoni inabeba pungufu kuliko tairi laini ya kiwandani ikiwa na upepo huo huo. Watu wanafunga LT, wanapakia zaidi kwa kujiamini, wanabaki na psi 30, halafu wanashangaa mabega ya tairi yanalika upesi. Mimi nyuma nikiwa na mzigo naenda psi 50 na kitu. Muulize anayekuuzia akuonyeshe jedwali la upepo na mzigo la kampuni ya tairi hiyo. Akikosa, nenda duka jingine.

Kuhusu tope, hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu ndiyo sababu kubwa uliyopewa ya kubadilisha. Udongo mwekundu wa Njombe ukilowa unajaza nafasi za kashata ndani ya mita chache, tairi inakuwa duara laini la udongo. Za kiwandani zinajaa upesi kwa sababu mifereji yake ni myembamba. LT za A/T zinachelewa kidogo, kisha nazo zinajaa. Nimekwama na zote mbili kwenye kilima kimoja. Kinachokupandisha pale ni minyororo kwenye tairi za nyuma, fo wili iliyowekwa mapema kabla hujaanza kuteleza, na mguu mpole kwenye mafuta. Au M/T (Mud-Terrain, tairi za tope), ambazo kwenye lami iliyolowa ya Kitonga nisingependa kuwa nazo. Kwa hiyo ukibadilisha tairi kwa ajili ya tope tu, pesa yako itakuwa imepotea. Minyororo ni bei ndogo kuliko tairi moja. Na kipande cha zege cha Lusitu hadi Mawengi kimepunguza sana mateso yale ya zamani, utakutana na tope zaidi kwenye njia za kuingilia mashambani kuliko barabara kuu.

Ukishuka mpaka Manda, mchanga wa pembeni ya Ziwa Nyasa za kiwandani zinaupenda. Shusha mpaka psi 18 hivi, tembea taratibu, usikate kona kwa nguvu, jaza ukirudi barabarani. Ubavu laini hapo ni faida, unatandaza tairi vizuri.

Kulika kwake: zangu zilivuka kilomita 50,000 kabla kashata hazijakaribia vile vialama vya ndani ya mfereji vya milimita 1.6. Kwa kweli kwa moramu usisubiri hapo, kwenye mvua nusu ya kashata ikiisha utahisi. Kilichonisaidia ni kuzizungusha kila kilomita 10,000, pamoja na spea, kwa sababu spea yangu ilikuwa saizi moja na zile nne. Tairi za nyuma za pikapu zinalika vibaya, zinasukuma gari na zinarukaruka likiwa tupu. Ukiziacha nyuma mwaka mzima utapata mbili nzima na mbili vipara, na kwenye fo wili tofauti kubwa ya kimo kati ya mbele na nyuma inaumiza gia.

Umetaja pia kwamba unafikiria kupanda kwenda 265/70R17 ili gari linyanyuke. Tairi hiyo ina kipenyo cha milimita 803 hivi, yako ina 776. Ni ongezeko la asilimia 3 na kidogo, na gari linanyanyuka sentimita 1.3 tu. Spidi ya dashibodi itasoma pungufu kuliko ilivyokuwa inasoma, gia zinakuwa nzito kidogo kwenye milima, na spea yako haifanani tena na zile nne. Kwa sentimita moja sioni faida.

Kwa kazi uliyoieleza, yaani wiki mbili shambani na safari za Dar katikati, ningekaa na hizo za kiwandani mpaka zifike nusu. Weka pesa ya LT pembeni taratibu. Wakati huo utakuwa unajua njia zako: kama unapita zaidi kwenye mawe yenye makali, hamia LT zote tano, saizi ile ile. Kama ni lami na moramu ya kawaida, nunua tena za aina hiyo hiyo. Ila ukianza kubeba mawe ya ujenzi au kwenda porini peke yako kusiko na mtandao, usingoje, badilisha hata kesho.

Siku ya kununua, tafuta kwenye ubavu neno DOT, kisha tarakimu nne za mwisho. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kuna duka nililetewa tairi mpya kabisa machoni, zina vinywele vyake, kumbe zimekaa stoo zaidi ya miaka sita. Soma zote tano, moja moja, kabla hujalipa. Na wiki hii, kabla hujaanza safari, lala chini ya gari uishushe spea: pima upepo wake, angalia kama cheni yake inashuka bila kukwama, na jaribu kama spana iliyokuja na gari inafungua nati zilizokazwa kwa mashine.